Kutoka Santuri hadi Bando: Jioni za Maramba

Kabla chombo chochote cha betri hakijafika Maramba, kusoma kulikuwa kazi ya sauti. Mmoja alisoma, wengine wakasikiliza. Maulidi ya Barzanji yalisomwa kwa zamu, kila msomaji akishika mlango wake na waliobaki wakiitikia. Tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ule wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga aliyesimulia vita vya Wajerumani katika Mrima, zilikusudiwa kughanwa mbele ya watu. Hata barua kutoka kwa ndugu aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi haikuwa siri ya mtu. Ilifunguliwa barazani, ikapewa yule kijana aliyepita chuoni au shuleni, na salamu zikatajwa jina kwa jina huku kila mmoja akisubiri lake.

Maramba iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, katika wilaya ambayo leo ni Mkinga na zamani ilikuwa sehemu ya Muheza. Upande mmoja ni milima, upande mwingine ni nyika inayoshuka hadi baharini, na kaskazini, si mbali, ni mpaka wa Kenya. Wadigo wana jamaa ng'ambo zote mbili za mpaka huo. Wasambaa, Wabondei na Wasegeju wapo, na mashamba ya mkonge yaliwaleta wengine kutoka mbali. Kwa hiyo kila kitu kipya kilikuwa na njia mbili za kuingilia: gari la Tanga, au njia ya mpakani.

Gazeti lilitangulia. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shule hiyo ikawa na mtambo wa kuchapisha. Kuanzia mwaka 1904 ikatoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililodumu hadi vita vya kwanza vya dunia vilipolizima mwaka 1916. Waingereza walifuata na Mambo Leo mwaka 1923, gazeti lililompa nafasi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga. Nakala moja ilipita mikono mingi, na palipokuwa na msomaji mmoja hodari, ilisomwa kama barua ilivyosomwa.

Kisha ikaja santuri. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikarudi pwani ndani ya visahani vyeusi. Gramafoni ilihitaji mkono wa kuijaza na sindano ya kubadilisha, na mwenye nayo alikuwa mtu wa kutembelewa.

Sinema nayo ilianza mapema katika mkoa huu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri, juu milimani upande wa Korogwe, ulifanyika mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Mmoja wa viongozi wake, Meja Notcutt, aliwahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na alikuwa ameshaona kwamba sinema ingewafanya vibarua watulie. Zilitengenezwa filamu 35, juu ya kodi, benki ya posta, safura, mmomonyoko wa udongo. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilipigwa kwa sahani ya santuri pembeni, na lori likazungushwa nchi kadhaa za Afrika Mashariki likionyesha picha hizo usiku. Waliopanga mradi walikuwa na hakika wanajua Mwafrika anahitaji kuambiwa nini. Hawakuuliza angependa kutazama nini, na miaka sitini baadaye swali hilo lilijibiwa na watu wasiokuwa na ufadhili wowote, ndani ya vibanda vya makuti. Nitafika huko.

Redio ndiyo iliyobadilisha jioni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikisikika mjini na viungani mwake tu. Baadaye mitambo ikaongezwa nguvu, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Lakini kituo bila redio za bei nafuu kisingefika popote. Redio za mwanzo zilikuwa makabati mazito. Transista, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, ilifanya redio iwe kitu cha kubebwa mkononi na kuendeshwa kwa betri kavu, na mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam kutengeneza redio na betri za National. Hapo mkulima wa machungwa au kibarua wa mkonge aliweza kuota kuwa nayo, ingawa bado aliuza mavuno mengi kuipata.

Tazama ilivyokaa ndani ya nyumba. Iliwekwa mahali pa juu, juu ya kabati au kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Baba ndiye aliyeiwasha na baba ndiye aliyeizima, kwa sababu mawe, yaani betri, ni ghali. Yakianza kuchoka, sauti ikafifia, yaliondolewa yakaanikwa juani mchana kutwa ili jioni yatoe nguvu ya mwisho. Wengine waliyafunga mawe ya ziada nje ya redio kwa mpira wa baiskeli, nyaya zikaingizwa ndani. Watoto walijifunza kwamba kucheza na redio ni kuchoma fedha. Kwa hiyo ilifunguliwa kwa jambo maalumu: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, michezo ya kuigiza, taarabu ya Black Star na Lucky Star ambayo watu wa Tanga waliihesabu kuwa yao, mpira. Na ilipofunguliwa, jirani asiyekuwa nayo alikuja na kigoda chake.

Mimi naamini hapa ndipo pa kuanzia tunapozungumzia vyombo na familia. Tumezoea kusema redio iliwakusanya watu na simu imewatawanya. Redio haikuwa na uwezo wowote wa kumkusanya mtu. Kilichowakusanya ni bei ya mawe. Chombo kilikuwa kimoja, nguvu yake ilikuwa ya kupimwa, na saa ya kuifungua ilijulikana. Leo nyumba yenye redio tatu ina wasikilizaji watatu, kila mmoja chumbani kwake.

Serikali ilielewa nguvu ya mkusanyiko huo na kuitumia vizuri kuliko wakati mwingine wowote katika historia yetu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima mbele ya redio. Kipindi kilisikilizwa, kisha kijitabu kikasomwa kwa sauti na anayejua kusoma, kisha wakajadili: maji ya kunywa, mazalia ya mbu, choo. Baada ya majadiliano walichukua majembe wakachimba. Redio na kitabu vilifanya kazi pamoja, kimoja kikimwita msikilizaji, kingine kikimpa la kushika mkononi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa hesabu za serikali za mwaka 1986 walikuwa wamebaki asilimia kumi hivi. Kisomo cha ngumbaru, kama watu walivyokiita, kiliwakalisha darasani akina mama waliokwisha kuwa na wajukuu. Wengi wao walipata herufi lakini hawakupata cha kusoma. Baada ya kitabu cha darasani, kijijini hapakuwa na kingine, na kusoma kusikotumika hufutika.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Kwa mji wa bara hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa upande huu wa Tanga ilikuwa jambo la nyumbani, kwa sababu shangazi yuko Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka, na harusi iko wiki ijayo. Ndiyo pia miaka ya vita vya Kagera na ya maduka matupu. Sabuni ilipotea, sukari ilipotea, na mawe ya redio yalipotea pamoja navyo. Kilichopatikana kilipita njia za panya kutoka Kenya. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka walanguzi na wahujumu uchumi, watu walitupa na kuficha mali kwa hofu. Mtu mwenye redio mpya aliiwasha kwa sauti ndogo. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, bidhaa zilirudi, na pamoja nazo zikaja redio-kaseti zilizorekodi. Jambo hilo halikutajwa sana wakati ule, lakini lilikuwa kubwa: kwa mara ya kwanza familia ya kawaida iliweza kuhifadhi sauti yake yenyewe. Kanda zilirekodiwa nasaha za wazee na mashairi ya harusi, na barua nzima zilisemwa badala ya kuandikwa, zikasafirishwa hadi Arabuni kwa mkono wa msafiri.

Kulikuwa na kipindi kimoja cha RTD ambacho sijaona mfano wake tena, nacho ni matangazo ya vifo. Yalisomwa kwa sauti ya utulivu, bila muziki, moja baada ya jingine. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari ziwafikie fulani aliyeko Maramba, fulani aliyeko Muheza, fulani aliyeko Mombasa, popote walipo. Nyumba nzima ilinyamaza, hata wasiokuwa na mgonjwa. Jina la kijiji likitajwa, mtu alitoka mbio kwenda kugonga mlango wa nyumba husika, kwa sababu huenda wao hawana redio. Msiba ulijulikana kwa kijiji kwanza na kwa mwenyewe baadaye, na yule aliyepelekewa habari hakuipokea peke yake. Alikuta tayari wamesimama watu mlangoni. Namna hiyo ya kupata habari mbaya ilikuwa na huruma ndani yake ambayo hakuna aliyeipanga.

Redio hiyohiyo ilijua pia kuingia mahali pasipozungumzwa. Julai 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, uliorushwa jioni mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, aliugua UKIMWI mbele ya masikio ya taifa, na mkewe Tunu akajifunza kusimama mwenyewe. Sasa fikiria nyumba ya pwani ambamo baba mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja kwa heshima, na chombo ni kimoja. Mmoja alilazimika kuondoka, au wote wakabaki wakitazama chini. Wengi walibaki, kwa sababu kisa kilikuwa kitamu. Kesho yake kisimani wanawake walimsema Mkwaju kwa jina kana kwamba ni mtu wa mtaa wa pili, na kwa kumsema yeye waliweza kusema habari za waume zao bila kuzitaja. Nasikitika kwamba wanaopanga kampeni za afya leo, wenye video fupi za kila namna, hawasomi vya kutosha historia ya Mkwaju.

Televisheni ilichelewa kwa makusudi. Zanzibar ilifungua yake mwaka 1973, na kwa rangi ilizitangulia nchi jirani, ingawa Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962. Tanzania Bara iliikataa kwa kuiona anasa itakayotenganisha tajiri na maskini, mpaka vituo vya watu binafsi vilipoanza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwao. Ya serikali ilifuata mwishoni mwa muongo. Katika ukanda huu wa kaskazini mwenye seti hakungoja ruhusa: aliinua antena juu ya mlingoti na kuigeuza huku na huku, akitafuta Pemba au Mombasa. Kijana alipanda juu, mwingine akakaa mlangoni akipiga kelele kwamba picha imekaa au imepotea.

Lakini kilichowafikia wengi ni banda la video. Jenereta, deki, televisheni moja, mabenchi, magunia ukutani kuzuia mwanga, na ada ndogo mlangoni. Watu waliyaita mabanda hayo vibanda umiza kwa jinsi mlivyobanana. Humo zilionyeshwa filamu za Kihindi, za kareti za Hong Kong, za Kinigeria, na mtazamaji wa kijijini hakuzielewa lugha zake. Hapo ndipo alipozaliwa mtafsiri. Hodari wao alikuwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kama Lufufu. Sauti yake ilipandishwa juu ya filamu, ikieleza, ikionya, ikimtabiria adui kifo chake, na kanda zake zikasambaa nchini. Katika sanaa hiyo naona yule msomaji wa barua wa barazani, sasa amepewa skrini. Jambo lilikuja kutoka mbali kwa lugha ngeni, na mmoja anayejua akawapa wasiojua, kwa maneno yao na mifano yao. Tamthilia za Kituruki zilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Azam zikisema Kiswahili, mtazamaji wa Tanzania hakushangaa. Kazi ya Lufufu ilikwisha kumzoesha.

Banda lilikuwa na hasara yake, na lazima isemwe. Lilikuwa mahali pa wanaume na wavulana. Mama hakwenda, msichana akienda alisemwa. Redio ilikuwa ya nyumba nzima, angalau kwa kusikiliza. Banda liliwatoa wavulana nyumbani saa zilezile za jioni ambazo bibi alikuwa akitamba hadithi, na hadithi inayokosa wasikilizaji haidumu. Televisheni ya nyumbani, ya kuendeshwa kwa betri ya gari, kisha kwa sola, kisha kwa umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, uliotambaa vijijini, ndiyo iliyowarudisha akina mama mbele ya picha, nao wakashika tamthilia.

Simu ya mkononi iliingia kama redio ilivyoingia: chache, ghali, za watu wakubwa. Vodacom ilianza nchini mwaka 2000, na mitandao mingine ikapanua minara yake. Chombo kilichoibeba simu hadi kwa mkulima kilikuwa kitochi. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na taa kichwani na betri ya kukaa siku kadhaa. Zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Kijiji kisichokuwa na umeme kilinunua taa yenye simu ndani yake. Watu walipanda kilimani kutafuta mtandao, wakapeleka simu kuchajiwa dukani kwa shilingi mia mbili au tatu, wakajifunza kubipu ili mwenye uwezo apige.

Na hapo wale akina mama wa kisomo cha ngumbaru walipata hatimaye cha kusoma. Ujumbe mfupi wa mtoto aliyeko Dar es Salaam ulikuwa na maneno kumi tu, kwa herufi kubwa za kijivu, ukasomwa polepole kwa kufuatisha kidole. Waliosahau herufi waliwaita wajukuu. Mjukuu wa darasa la nne akawa karani wa nyumba, akijua nani anadaiwa, nani anaumwa, nani ameachwa. M-Pesa ilipoanza Tanzania Aprili 2008, alikabidhiwa na namba ya siri pia. Fedha za bibi zilikuwa mkononi mwa mtoto, na mara nyingine mkononi mwa wakala. Wengi walikuwa waaminifu. Ila mpangilio wa nani anajua nini ndani ya ukoo ulipinduka, na wazee waliuhisi kabla wataalamu hawajauandika.

Simu janja ilipopungua bei, bibi aliondokewa na karani wake. Hahitaji kusoma tena. Anabonyeza kitufe anasema, na sauti yake inafika Lunga Lunga au Maskati kama ilivyokuwa ikifika kwa kaseti, tofauti ni kwamba jibu linarudi kabla chai haijapoa. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp limechukua nafasi ya matangazo ya vifo. Habari inawafikia wote kwa dakika moja, na mtu anausoma msiba wa mama yake akiwa peke yake kwenye daladala. Vijana nao wanatazama filamu zao kwa hedifoni, kila mmoja na kioo chake kitandani, mpaka bando liishe. Likiisha, wanasogea kwa mwenye nalo.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na zikafunguliwa hatua kwa hatua mwezi Juni. Masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni. Redio, televisheni na simu vikaitwa kazini kwa pamoja, na ikaonekana wazi kila nyumba ina nini na nani anakishika. Palipokuwa na simu nzuri moja, ilikuwa ya baba, na baba alikuwa shambani au sokoni. Redio, iliyokwisha kuachiwa wazee, ilirudi mezani. Lakini mtoto wa mwaka 2020 hakuwa amezoea kukaa kimya nusu saa akisikiliza sauti isiyo na picha, na kijitabu cha kushika mkononi, kile kilichoifanya Mtu ni Afya ifanikiwe, mara nyingi hakikuwapo.

Vitabu vya kiada sasa vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure. Bando la kuvipakua si bure, na mzazi wa Maramba mwenye watoto wanne analijua hilo kuliko waziri yeyote. Hata hivyo mwalimu mmoja mwenye simu ya kutosha anaweza kuvipakua usiku mmoja na kuwarushia wanafunzi na wazazi wao kwa Bluetooth, simu hadi simu, bila MB hata moja. Vijana wamekuwa wakirushiana nyimbo na filamu hivyo kwa miaka mingi, barazani, njiani, hata wakisubiri gari la Tanga. Kwa vitabu kazi hiyo haijashika kasi. Haihitaji mradi wala mfadhili, na shule yoyote ya Mkinga ingeweza kuianza muhula huu.